Guna tatu za yoga na Ayurveda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengi huulizwa darasa la jioni likiisha, watu wakikunja mikeka na kutafuta kandambili zao mlangoni. Mengine huja usiku kwa simu, na hayo ndiyo huwa ya kweli zaidi. Nafundisha yoga Dar es Salaam. Kisanskriti sikukisomea, nimekula vya wenzangu: tafsiri, walimu wangu, na mzee mmoja Mhindu jirani yetu ambaye hachoki kunisahihisha matamshi.

Guna ni nini?

Tumalize utani kwanza. Kwa Kiswahili kuguna ni kutoa ile "mm" ya mtu ambaye hajaridhika, na kila nikianza somo hili lazima mmoja agune makusudi, darasa zima licheke. Guna ninayoisema ni neno la Kisanskriti. Maana yake ya mwanzo ni uzi, ule mmoja kati ya nyuzi zinazosokotwa zikawa kamba. Kwa maana nyingine ni sifa au tabia ya kitu.

Shika ile ya uzi. Aliyewahi kukaa na kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wakisokota kamba anaijua kazi yenyewe: makumbi yamefukiwa mchangani miezi mingi mpaka nyama yake ikaoza, yamefukuliwa, yamepondwa kwa mti, nyuzi zimetenganishwa, zinasokotwa kwa viganja. Kamba ikishakamilika huwezi kuonyesha uzi mmoja ukasema kamba ndiyo huu. Ukiuchomoa, kamba nayo imekwisha.

Wanafalsafa wa India waliosema ulimwengu una guna tatu hawakuwa na maana kwamba vitu vipo, kisha vikapakwa sifa tatu juu kama rangi. Walisema vitu vyenyewe ni huo msokoto. Jiwe, ndizi, hasira, usingizi, hata akili unayosomea maneno haya, vyote ni nyuzi zile zile tatu kwa viwango tofauti. Asili hiyo yote wanaiita prakriti. Kitu kimoja tu kiko nje ya kamba: purusha, yule shahidi anayeona na ambaye hafanyi lolote.

Hizo tatu ni zipi?

Satwa ni wepesi na mwanga, ile hali ya kuona jambo lilivyo bila kuligombania. Rajasi ni mwendo na joto: hamu, haraka, kusukuma, kutaka zaidi. Tamasi ni uzito unaofunika: kuganda, kuzubaa, ukungu wa kichwani, usingizi.

Kuna ubeti katika Shvetashvatara Upanishad, andiko la kale, unaotaja jike mmoja mwenye wekundu, weupe na weusi, anayezaa wengi wanaofanana naye. Neno lililotumika, aja, ni mbuzi jike, na papo hapo ni "asiyezaliwa". Watu wa Sankhya, shule ya falsafa nitakayoitaja hapa chini, walimwona prakriti humo: rajasi nyekundu, satwa nyeupe, tamasi nyeusi. Mimi humpenda sana mbuzi huyo, na darasani wanamkumbuka kuliko maelezo yangu yote.

Nani alianzisha fundisho hili?

Hakuna jina moja. Lilikua polepole, na nyumba yake kuu ni Sankhya, mojawapo ya shule sita za falsafa ya Kihindu. Andiko lake kongwe lililotufikia likiwa kamili ni Sankhyakarika ya Ishvarakrishna, beti 70 na ushee, za karne ya 4 au ya 5 hivi. Katika karne ya 6 mtawa Paramartha alilitafsiri kwa Kichina, kwa hiyo tangu zamani lilishavuka bahari. Patanjali aliyekusanya Yoga Sutra, kitabu cha msingi cha yoga, aliichukua ramani hiyo hiyo. Bhagavad Gita nayo, andiko takatifu la Wahindu lenye sura 18 na beti 700, inazungumzia guna sehemu nyingi, hasa sura za 14, 17 na 18. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, waliichukua pia, wakaitumia kuelezea akili.

Kwa hiyo satwa ni nzuri, tamasi ni mbaya?

Swali hili ndilo linaloharibu watu, basi nitakaa hapa kidogo.

Ubeti wa 13 wa Sankhyakarika unasema guna tatu zinapingana, lakini zinafanya kazi pamoja kama taa. Fikiria kibatari. Kuna mafuta, kuna utambi, kuna moto. Utambi ukizama wote kwenye mafuta moto unazimika, na moto ukiachiwa unaunguza utambi. Tofauti zao haziishi, ila vikikaa kila kimoja mahali pake unapata mwanga wa kusomea. Ukiondoa tamasi yote hutalala, na hata mifupa haitakushika. Ukiondoa rajasi hutanyanyuka kwenda kuchota maji.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa "maisha ya satwa" huliruka. Sura ya 14 ya Gita inasema zote tatu zinafunga. Tamasi inamfunga mtu kwa uzembe, uvivu na usingizi. Rajasi inamfunga kwa kiu na kung'ang'ania kazi. Satwa inamfunga kwa kupenda raha na kupenda kujua. Kamba ni kamba, hata ikiwa ya hariri. Nimeona watu waliokuwa wasumbufu kiasi wakaanza kula mboga, kuamka alfajiri na kukaa kimya, kisha wakawa hawavumiliki kabisa, maana sasa wanawaangalia ndugu zao wanaokula mishikaki kama waliopotea. Hiyo ni kamba ya satwa imewakaza shingoni.

Ramakrishna, mtawa wa Bengal wa karne ya 19, alikuwa na kisa chake. Mtu anapita msituni, wezi watatu wanamvamia na kumpora. Wa kwanza anasema: wa nini huyu, tumuue. Wa pili anasema: tumfunge mikono na miguu, tumwache. Wanamfunga, wanaondoka. Baada ya muda wa tatu anarudi, anamfungua, anamsindikiza hadi barabara kuu: fuata hii, kwako ni kule. Yule mtu anamshukuru na kumkaribisha nyumbani. Mwizi anajibu kwamba kule hawezi kufika, polisi watamkamata. Wa kwanza ni tamasi, wa pili rajasi, wa tatu satwa. Ni mwema kuliko wenzake, ila naye ni mwizi.

Mimi ni mtu wa guna gani?

Wewe si wa guna moja. Maswali ya kujipima yaliyojaa mtandaoni, "jibu maswali kumi ujue guna yako", yanakupa jina la kujivunia au la kujilaumu, basi. Gita yenyewe inasema kuna wakati satwa inazishinda nyingine mbili, wakati mwingine rajasi, wakati mwingine tamasi. Yaani zinapokezana. Saa tatu asubuhi unaweza kuwa mtu mwingine kabisa na yule wa saa tisa alasiri baada ya ugali.

Ni kweli Charaka Samhita, kitabu kikubwa cha Ayurveda, kinagawa hulka za watu katika aina 16: saba za satwa, sita za rajasi, tatu za tamasi. Zile tatu za mwisho ni hulka ya mnyama, ya samaki na ya mti. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya mganga anayemkagua mgonjwa aliye mbele yake. Haikuwekwa ili tupangiane madaraja mezani.

Guna na dosha ni kitu kimoja?

Hapana, na kuchanganya hivi viwili ndiyo kosa la kawaida kuliko yote.

Dosha ni zile nguvu ambazo, kwa Ayurveda, zikivurugika huleta ugonjwa. Za mwili ni tatu: vata, pita na kafa. Kwa ufupi sana, vata ni ya mwendo na upepo, pita ya moto na kuyeyusha chakula, kafa ya maji na kushikamana. Kwa sababu nazo ni tatu, watu huzipanga mbili mbili, kila dosha na guna yake, kama soksi. Charaka hafanyi hivyo. Anasema vata, pita na kafa ndizo zinazoharibika mwilini, na kwa akili ni rajasi na tamasi. Mbili tu. Satwa haimo kwenye orodha ya vinavyoleta ugonjwa, na kitabu kinatumia neno hilo hilo, satwa, kwa maana ya akili yenyewe.

Tiba nazo anazitenganisha. Za mwili zinatulizwa kwa dawa na taratibu. Za akili zinatulizwa kwa maarifa, kupambanua, ustahimilivu, kumbukumbu na utulivu wa kina. Orodha hiyo ya pili ina umri mkubwa sana, na kila nikiirudia nashangaa haina jani hata moja la kuchemsha.

Nimesoma mahali kwamba guna ni ishirini. Nani kakosea?

Hakuna. Ayurveda ina hesabu nyingine ya sifa za vitu, jozi kumi: zito na jepesi, baridi na moto, lenye mafuta na kavu, laini na gumu, na kuendelea. Hizo ni za kumsaidia mganga aamue umpe mgonjwa uji au mchuzi. Neno ni moja, kazi mbili.

Je, ndizo hari, baridi, yabisi na rutuba za wazee wetu?

Swali zuri, na huulizwa na watu wa Mombasa, Lamu na Zanzibar tu, waliolelewa na bibi wa kusema "usile hicho, kina baridi". Hapana, hizo zina safari nyingine. Zimetoka kwa matabibu wa Kiyunani, zikapitia kwa Waarabu na Waajemi, akina Ibn Sina, mpaka zikafika pwani yetu. Zinazungumzia joto na unyevu wa mwili na wa chakula. Ukitaka ndugu zao upande wa India, watafute kwenye zile ishirini, maana humo mna moto na baridi, ukavu na mafuta. Guna tatu ziko ngazi nyingine. Zinauliza kitu kinafunika, kinasukuma, au kinaangaza.

Chakula cha satwa ni kipi?

Turudi kwenye maandishi kabla ya kwenda sokoni. Gita sura ya 17 ina beti tatu za chakula. Kinachopendwa na watu wa satwa ni kile kinachozidisha uhai, nguvu, afya na furaha, chenye utamu wake, chenye mafuta, kinachokaa mwilini na kuridhisha moyo. Angalia hapo: chenye mafuta. Wanaodhani satwa ni kutafuna majani makavu hawajausoma. Samli, ambayo kwetu iko kwenye kila pilau la heshima, huko ni chakula cha kwanza cha satwa.

Cha rajasi ni kichungu kupita kiasi, kichachu, cha chumvi nyingi, cha moto sana, kikali, kikavu, cha kuunguza, kile kinacholeta maumivu na maradhi baadaye. Soma tena, kisha fikiria mihogo ya kukaanga yenye pilipili ya unga na ndimu unayokula umesimama ukiangalia saa ya daladala. Ndiyo hiyo.

Cha tamasi ni kilichopitiwa na wakati, kisicho na ladha, kinachonuka, kilicholala, mabaki. Neno la kwanza katika ubeti huo lina yama ndani yake, zamu ya ulinzi ya muda wa saa tatu. Yaani chakula kilichopikwa zamu ikapita. Kwa Kiswahili tuna neno moja linalotosha: kiporo. Nami nakiri mbele yenu kwamba maharage ya jana yaliyopashwa moto, na chapati ya jana, na chai ya maziwa, ni udhaifu wangu ambao mwalimu yeyote hajauponya.

Kwa anayetaka mlo mmoja wa kuanzia: choroko zilizoparazwa zikatoka maganda, mchele, maji mengi, manjano, tangawizi mbichi, chumvi kidogo. Chemsha mpaka viungane kama uji mzito. Pembeni, kaanga bizari nyembamba kwenye kijiko cha samli mpaka ianze kuruka, mimina juu, funika dakika mbili. Wahindi wanaita kichdi au kichri kutegemea wametoka wapi. Kula ikiwa ya moto, siku hiyo hiyo.

Kitunguu na kitunguu saumu vimekatazwa?

Katika zile beti tatu havikutajwa. Nyama na samaki pia havikutajwa kwa majina. Katazo la vitunguu limetoka kwenye desturi za baadaye, hasa za wafuasi wa mungu Vishnu, na lina nguvu mpaka leo. Familia za Swaminarayan, dhehebu mojawapo la Kihindu, za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinapika bila kitunguu cha aina yoyote. Wajaini nao hawali, tena wao wanaacha hata viazi na karoti, kwa sababu kung'oa mzizi kunaua mmea na vidudu vya udongoni.

Sasa utauliza ladha wanaipata wapi. Kwa mvuje! Utomvu ule ule unaonuka ambao bibi zetu wa pwani walimfunga mtoto mchanga kumkinga na mashetani. Unatoka Iran na Afghanistan. Punje kidogo kwenye samli ya moto, na harufu mbaya inageuka kuwa kama ya kitunguu kilichokaangwa. Mara ya kwanza jirani yetu aliponionyesha nilisogea nyuma, nikamwambia mzee, hiki kwetu ni dawa ya mtoto. Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini Ayurveda yenyewe inakipenda kitunguu saumu. Muswada wa Bower, uliopatikana mwaka 1890 huko Kucha, Asia ya Kati, ukiwa umeandikwa kwenye magome ya mti zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, unaanza na sifa za kitunguu saumu. Charaka naye anamwandikia mgonjwa aliyedhoofika supu ya nyama bila kusita. Mtawa anayetaka akili itulie na mganga anayetaka mtu ainuke kitandani hawapiki chungu kimoja. Ukisikia "yoga inakataza" au "Ayurveda inakataza", muulize anayesema: kwa nani, na kwa shida gani?

Chai na kahawa?

Rajasi. Siachi, ila baada ya saa kumi jioni sinywi.

Nitajuaje guna gani imezidi sasa hivi?

Nina kipimo changu, hakimo kitabuni. Kaa dakika tano bila simu, mgongo umenyooka, macho yamefumbwa nusu. Kisha angalia kinachotokea.

Kichwa kikianza kuinama, mate yakikaribia kudondoka, na ukizinduka hukumbuki ulikuwa unawaza nini, tamasi. Ukikumbuka kodi ya nyumba, ujumbe ambao hukujibu, sare ya mtoto, na neno ambalo shemeji alikuambia mwezi wa tatu, na miguu ikawa inataka kwenda, rajasi. Ukianza kusikia, kwa mfano muuza kahawa anavyogonganisha vikombe mtaa wa pili, mtu anafagia, mlango umefungwa, na hakuna hata kimoja kinachokuvuta, hiyo ni satwa. Kwangu huwa inadumu kama nusu dakika, kisha najisifu kwamba nimeipata, na inaondoka.

Nikiwa mzito nifanye nini? Mbona kukaa kimya kunanizidishia usingizi?

Kwa sababu unajaribu kuruka daraja. Mtu aliyezama kwenye tamasi ukimwambia afumbe macho atulie, atalala, na atadhani amepata utulivu. Kutoka kwenye uzito njia inapitia kwenye mwendo. Simama, fungua madirisha, piga salamu za jua, ule mfuatano wa mikao ya kuinama na kuinuka, sita au kumi kwa haraka kidogo, nawa uso kwa maji baridi, fua nguo mbili kwa mikono. Rajasi ikishaamka ndipo uipunguze polepole: mikao ya kusimama, kisha ya kukaa, pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, mwisho ndiyo ukimya.

Aliyekuja na rajasi tele, mathalani ametoka kwenye foleni ya saa mbili, huyo pia simlazi mara moja. Akilala atakuwa anatetemesha vidole. Namwacha aanze kwa kasi yake, halafu namshusha.

Pia mkao wenyewe hauna guna ya kudumu. Patanjali anasema asana, yaani mkao, iwe thabiti na yenye raha, basi. Kuinama mbele kule kule kunaweza kuwa tamasi kwa aliyejitupa tu kichwa kikining'inia, rajasi kwa anayevuta vidole vya miguu huku akimwangalia wa mkeka wa jirani amefika wapi, na satwa kwa mwingine ambaye hata hafiki magotini.

Kuna saa maalumu?

Wahindi husifu brahma muhurta. Muhurta ni dakika 48, na hii inaanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Kwa Dar es Salaam, jua likitoka saa kumi na mbili na robo, hesabu inakupeleka saa kumi na dakika 39 alfajiri hadi saa kumi na moja na dakika 27. Adhana ya alfajiri mtaani kwetu inaangukia humo humo, kwa hiyo watu wengi hapa wamekuwa macho saa hiyo maisha yao yote bila kuhitaji mwalimu wa yoga kuwaamsha. Ila kama umelala saa saba usiku, kuamka saa kumi na nusu hakukuletei satwa, kunakuletea kichwa kuuma. Usingizi ni mojawapo ya nguzo tatu za uhai kwa Charaka, pamoja na chakula na kiasi katika tendo la ndoa.

Mimi ni Muislamu, au Mkristo. Je, nikifuata haya nitakuwa nimeingia dini nyingine?

Sitoi fatwa, wala si padri. Naweza kukuambia yaliyomo. Sankhya ya kale haina Mungu muumba ndani yake, ni uchambuzi wa asili na shahidi. Patanjali anamtaja Ishvara, yaani Bwana, na anafundisha kujikabidhi kwake. Gita ni maneno ya mungu Krishna kwa shujaa Arjuna, na kwa Wahindu ni maandiko matakatifu, hilo halifichiki na halifai kufichwa. Mwaka 2008 baraza la fatwa la taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga yenye imani na mantra, maneno matakatifu ya kurudiarudia, ndani yake. Mwaka 2017 Saudia iliruhusu yoga kama mchezo. Kwa hiyo hata wenye elimu hawakufika mahali pamoja.

Darasani kwangu hatuimbi chochote. Wapo wanaovaa hijabu, wapo wanaokuja na rozari mfukoni. Mwenye shaka namwambia amuulize anayemwamini kabla ya kulipa ada, kwa maana kufanya mazoezi huku moyo unakusuta ni rajasi tupu.

Sayansi inasemaje?

Hakuna chombo kinachopima guna. Wanasaikolojia, hasa wa India, wametunga hojaji za kuzipima kama sehemu za hulka ya mtu, na hojaji inapima majibu ya mtu kuhusu yeye mwenyewe, si kitu kilichomo kwenye damu. Mimi nazichukulia guna kama lugha ya kujitazama, na kwa kazi hiyo sijapata nyingine iliyo fupi hivi. Ila anayekuambia satwa ni protoni, rajasi elektroni na tamasi nyutroni, mshukuru kwa muda wake.

Sonona ni tamasi imezidi?

Usimwambie mtu hivyo. Nina sababu.

Miaka ya mwanzo nilikuwa na mwanafunzi, dada mpole, aliyekuwa analala kila darasa. Shavasana, ule mkao wa kulala chali mwisho wa darasa, ikianza tu, amekwenda. Nilimwambia, kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma vitabu viwili, tamasi yako iko juu dada, nikampa salamu za jua kumi na mbili kila asubuhi. Alizifanya mwezi mzima bila kulalamika. Siku moja hakuja, akanipigia kutoka zahanati: amepimwa, damu ni saba. Nilikuwa nimemkimbiza mtu asiye na damu. Alipona kwa vidonge vya madini ya chuma, na alirudi, na hakunisema. Mimi ndiye ninayejisema.

Uzito usioisha wiki mbili, kukosa hamu ya kila kitu, kutamani kufa, usingizi kupita kiasi au kukosa kabisa, hayo ni ya daktari. Guna baadaye.

Dawa za Ayurveda zinazouzwa mtandaoni ni salama?

Si zote. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti, na karibu moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya madini hayo hutiwa makusudi, maana lipo tawi la Ayurveda linalotengeneza dawa za metali. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ini au figo dhaifu, na anayetumia dawa za presha, sukari au ARV, asimeze kitu chochote bila kumweleza daktari wake jina lake. Tangawizi, iliki na manjano vya jikoni kwa kiasi cha jikoni ni habari nyingine.

Mtu anaweza kutoka nje ya guna kabisa?

Maandishi yanasema ndiyo, na kila moja lina picha yake. Sankhyakarika inamfananisha prakriti na mcheza ngoma: akishaonekana na hadhira yake, anaacha kucheza na kuondoka. Yoga Sutra inafunga na guna zikirudi zilikotoka, kazi yao kwa yule shahidi ikiwa imekwisha. Hayo mimi nayasoma kama mtu anayesoma ramani ya mji ambao hajaufika.

Gita iko karibu zaidi na sisi. Arjuna anauliza: mtu aliyezivuka guna anajulikanaje, anaishi vipi? Krishna anajibu kwamba mwanga ukija, mwendo ukija, hata giza la akili likija, mtu huyo halichukii, na vikiondoka havitamani. Anakaa kama asiyehusika, akijua ni guna tu zinazozunguka. Hasemi kwamba haviji tena.

Nianzie wapi kusoma?

Gita sura ya 14. Ina beti 27, na ukisoma taratibu, unamaliza kabla chai haijapoa. Jibu lile la Krishna linaanzia ubeti wa 22. Yoga Sutra iache kwanza, ni mistari mifupi isiyoeleweka bila mwalimu. Sura ya 17, ile ya vyakula, isome ukiwa umeshiba.